Dereva Aliyefuata Sheria Zote

Ilikuwa mwaka ule barabara ya ofisini ilipowekwa taa. Hapana, nadanganya. Taa zilikuwa zimeshatimiza mwaka, maana Gia alikuwa amezoea kuzipita hata zikiwa nyekundu, bosi akiwa na haraka.

Gia ni jina la utani. Alimwendesha mkurugenzi miaka mingi, na alipotaka kustaafu, bosi alimshika bega. "Kaka, usiondoke. Ahirisha miaka mitano kama mimi, utalipwa mkupuo mnono."

Gia akaahirisha. Kwa mkupuo huo angeezeka nyumba yake, yeye na mkewe waache kuishi uani kwa shemeji.

Mwaka wa nne mpango ukabadilishwa. Hakuna mkupuo tena, ni vijisenti vya kila mwezi. Kwa madereva na matarishi ulianza siku ileile. Wakubwa walipewa hadi mwisho wa mwezi kupeleka barua za kuondoka Hazina, wawahi mkupuo wao. Aliyependekeza hivyo ni bosi mwenyewe.

"Mzee, mke wangu anauliza tutahama lini," Gia akamwambia.

"Subiri, kaka," bosi akajibu, macho kwenye simu.

Gia akaliweka neno lile moyoni.

Siku ya mwisho bosi aliingia garini mchana, barua mkononi. "Hazina, mbio! Wanafunga saa tisa."

"Mkanda, mzee."

"Nini?"

"Sheria."

Gia akaliondoa gari kama amebeba mayai. Taa ya njano, akasimama. Bibi mmoja alikuwa kando ya barabara. Gia akamsubiri avuke. Kumbe bibi wala havuki, anamngoja mjukuu wake.

"Gia, unaniua!"

"Hapa mwisho ni hamsini, mzee."

"Tangu lini unasoma vibao?"

"Tangu uliponifundisha kusubiri."

Bosi akafungua mlango akatimua mbio, tumbo mbele, tai begani. Gia akamfuata polepole, indiketa ikiwaka, moyo wake kwatu. Walifika mlinzi anazungusha ufunguo.

"Kesho, mzee," mlinzi akasema.

"Kesho hainisaidii!"

Gia alishuka akamfungulia bosi mlango wa gari, kwa heshima zote.

Nikisema alijuta nitakuwa mwongo. Nyumba yake mpaka sasa haina bati, lakini kila Jumatatu, bosi akishakaa kiti cha nyuma na mkanda wake, Gia humtazama kwenye kioo na kumwuliza lilelile, na bosi hugeukia dirishani:

"Mzee, sasa sisi wawili tutastaafu lini?"