Wewe Tena, Lidwina!

Miaka ile mitumba ilipofurika Songea, hata makatekista wakaonekana na jinzi, Lidwina alirudi kutoka Chuo Kikuu na shahada ya saikolojia, akapanga chumba mkabala na changu kule Msamala. Mimi ni Eufrasia, fundi cherehani. Haya niliyaona mwenyewe, na niliyacheka mpaka nikajichoma sindano.

Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Basi. Lakini mji mzima ukaamua kwamba anachungulia vichwa vya watu kama mtu anavyochungulia sufuria. Muuza nyama alimwongezea kipande kabla hajafungua mdomo, kisha akamnong'oneza, "Dada, lile jiwe la mizani nitalibadilisha, yaishe." Lidwina hakuwa ameona jiwe lolote. Mawifi zake, wake wa kaka zake, walimngoja atie tonge mdomoni ndipo wammwagie ugomvi wao. Na kukasirika? Thubutu! Mwenye nyumba alipotukatia maji, Lidwina alifoka kama sisi wote, na yule mzee akashika kifua: "Wewe tena, Lidwina! Na saikolojia yote hiyo?" Alipofiwa na bibi yake akalia, wakamwambia maneno hayohayo. Hilo linaniudhi mpaka leo. Mtu amefiwa, mwacheni alie!

Ndipo akaja Remmy. Remmy aliuza mitumba Mfaranyaki, kijana mrefu, mwenye mdomo wa kumwuzia mtu koti la baridi saa saba mchana. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu, akaketi, akanywa chai, akasimulia bei za marobota ya nguo. Na hakuvua miwani. Miwani nyeusi ya jua, ndani ya nyumba, mvua inanyesha nje, kijana anapapasa meza akitafuta kikombe! Siku moja alitia sukari kwenye sahani ya karanga, akakoroga.

"Macho yanamuuma?" nilimuuliza Lidwina alipoondoka.

"Sijui."

"Anakupenda?"

"Sijui, Eufrasia! Ningejua ningekuwa nakaa hapa na wewe tunahesabu karanga zenye sukari?"

Lidwina mwenyewe alimpenda, hilo halikuhitaji shahada. Jumapili alianza kuchana nywele kabla jogoo hajawika. Na mambo yalikuwa yamembana, maana kazini walimtaka ahamie Dodoma. Akawaomba wamwache afikiri kidogo, na kufikiri kwenyewe ndiko huku: Remmy akitamka, anabaki, asipotamka, anafunga mizigo. Alijikaza siku moja akamuuliza, "Unawaza nini?" Remmy akainuka, akaaga, akajigonga mlangoni. Alidhani anapimwa.

Wiki iliyofuata Lidwina alianza kukunja nguo zake. Nilimsaidia kukunja huku nimenuna, maana nilikuwa nimemzoea.

Jumamosi tukaitwa nyumbani kwa baba yake, Mzee Oswald. Wageni wamefika! Mshenga alikuwa Mzee Edmund, mjomba wake Remmy, kavaa koti na tai. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, nimebandika sikio ukutani. Lidwina akaitwa, akapiga goti, akatoa shikamoo kwa wote.

"Mwanangu, unawafahamu wageni hawa?" baba yake akauliza, kama desturi inavyotaka.

Kabla hajajibu, Mzee Edmund akacheka kwa raha. "Mzee mwenzangu, ya nini kumuuliza? Kijana wetu anasema hakuwahi kumtamkia neno binti yako, kwa kuwa binti alishayasoma yote kichwani mwake tangu siku ya kwanza. Sisi tumekuja kukamilisha tu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lidwina akasimama.

"Sijasoma kitu! Nimesomea saikolojia, wazee wangu, sikusomea uganga! Miezi yote hii silali, na yeye yuko wapi?"

"Wewe tena, Lid..." baba yake alianza.

Lidwina alikuwa ameshatoka, miguu mitupu. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, wazee nyuma yangu. Mwoaji haingii ndani siku ya posa, hivyo Remmy alikuwa njiani kando ya michongoma, ameshika baiskeli.

"Vua hiyo miwani!" Lidwina akamfokea.

Akavua. Kumbe ana macho mazuri, yule mjinga!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unaona," Remmy akasema. "Kila nikikutazama nawaza kitu kilekile. Nikaona aibu, nikajifichia kwenye miwani. Nikasema, huyu atakuwa ameshachoka kukisoma."

"Kitu gani?"

Akawatazama wazee, kisha akamgeukia. "Nakupenda. Nataka nikuoe."

Lidwina akaangua kilio cha sauti, katikati ya njia, majirani wakatoka. Mzee Edmund akafungua mdomo. "Wewe tena, na saikolojia..."

"Mwacheni alie!" nikamwelekezea mwiko, Mungu anisamehe.

Remmy akambembeleza, baiskeli imeanguka, hata haiokoti. "Na sasa hivi huoni ninachowaza?"

"Sioni."

"Basi nitakuwa nakwambia."

Dodoma alikwenda mtu mwingine. Na Remmy hajanyamaza tangu siku ile. Humwambia mkewe kila kinachompitia kichwani, tangu bei ya marobota mpaka ndoto za mchana. Mimi huwa napita nikisema, jamani, mpumzishe mwenzio, ameshinda kazini akisikiliza watu.

Lidwina hunipungia mkono niondoke, kisha anamgeukia mumewe. "Endelea," anasema.