Dobi wa Ikulu Hasemi

"Milango! Ameniuliza milango!"

Kola alikuwa amesimama katikati ya sebule, pasi mkononi, anamfokea dada yangu kana kwamba ndiye aliyeuliza. "Chumba cha nguo cha rais kilikuwa na milango mingapi, na ule wa nyuma ulielekea wapi. Mtu mwenye nia njema anauliza mlango wa nyuma wa nini?"

"Labda anataka kujua watu walipitia wapi," dada akasema.

"Mwizi naye anataka kujua hivyo hivyo."

"Mwizi gani anakuja mchana na mkoba wa vitabu, anapiga hodi?"

"Mwizi aliyesoma!"

Nikacheka. Akanigeukia. "Cheka tu, shemeji. Siku wakija kunichukua utacheka vizuri zaidi."

"Wakikuchukua tutapumua," dada akamjibu. "Weka hiyo pasi chini, utaniunguzia zulia."

Kola ni mume wa dada yangu mkubwa. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu ukikutana naye hakutazami usoni, anatazama kola ya shati lako, na ikiwa imekunjamana usitegemee salamu. Alikuwa dobi wa Ikulu tangu ujana wake hadi alipostaafu. Marais watatu walivaa mashati yaliyopita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja ambaye mtaa umewahi kusikia neno lake kutoka kwa Kola. Hata dada yangu, aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, hajui kama yule wa pili alikuwa anakoroma. Si kwamba hatujamwuliza.

Kwa kushuku hana mwenzake. Nguo zake anazianika zimegeuzwa ndani nje, mpita njia asijue mwenye nyumba anavaa nini. Ukimwuliza saa, naye anakuuliza unakwenda wapi. Fundi bomba alipokuja kuziba bomba la jikoni, Kola alijibana naye chini ya sinki mpaka kazi ikaisha, wakatoka wote wawili wamelowa kama kuku wa mvua.

Sasa huyo aliyeuliza milango alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke bado kijana, mpole, viatu vyake vimelika kisigino upande mmoja. Alikuwa anaandaa utafiti juu ya urais. Si rais huyu wala yule, alisema, bali kazi yenyewe: rais anaamkaje, nani anamfikia kabla hajafika ofisini, neno la nani linamwingia sikioni kwanza. Mpango alikuwa ameshauandika. Wafadhili walikuwa wamepatikana huko ng'ambo, ila waliweka sharti. Hawatoi kitu mpaka awaonyeshe kwamba yupo mtu aliyefanya kazi ndani ya nyumba ile na yuko tayari kusema. Alikwenda kwa wapishi, akaenda kwa madereva, akaenda kwa watunza bustani. Wote midomo imeshonwa. Alibaki Kola. Kola akikataa, utafiti umekufa, na jasho la bibi wa watu limekwenda bure.

Akaja tena. Kola akampa kiti kinachoyumba, akakaa mkabala naye.

"Hao wafadhili wako wanapata nini?"

"Elimu, mzee. Wanataka mambo haya yajulikane."

"Mtu atoe pesa yake huko aliko, ili ajue mimi nilipigaje pasi?"

"Si pasi, mzee. Yale uliyoyaona."

"Ehe!" Akanigeukia kama aliyeshika mwizi kwenye dirisha. "Umesikia, shemeji? Niliyoyaona!"

"Mficha uchi hazai," dada akapaza sauti kutoka jikoni.

Kola akatazama mlango wa jikoni. Halafu uso ukamlainika, sauti ikashuka. "Haya, mwanangu. Nitakuambia moja." Mimi nusura nidondoke. Akamweleza kwamba rais wa pili hakuteua waziri hata mmoja kabla hajamwuliza kinyozi wake. Kinyozi alikuja alfajiri na wembe wake, majina yakasomwa povu likiwa bado kidevuni. Kinyozi akitikisa kichwa, jina limefutwa. Mhadhiri aliandika mpaka kalamu ikatoa moto, akamshukuru, akaondoka anakaribia kukimbia.

"Mungu wangu," dada akasema. "Kumbe kinyozi!"

"Kinyozi gani?" Kola akasema. "Yule alikuwa anaogopa hata kupiga chafya mle ndani. Huyu bibi nimemtia uzi."

Ndipo akatueleza. Kule kwenye chumba cha kufulia, kila mtu nguo zake zilitiwa uzi wa rangi yake ndani ya kola, zisichanganyike. Mkuu wa watumishi naye alikuwa na nyuzi zake. Akishuku kwamba neno linavuja, alimnong'oneza kila mtumishi uongo wake peke yake. Mpishi aliambiwa bosi ana jipu, dereva aliambiwa bosi anamwoza binti yake. Kisha akatulia kusubiri. Likirudi jipu kutoka sokoni, mpishi anafungasha virago. Kola aliona watu wazima wakifukuzwa kazi hivyo. Yeye mwenyewe alitiwa nyuzi nyingi, na hakuna hata mmoja uliorudi.

Basi akaanza kusubiri kinyozi arudi. Kutwa yuko dukani, yuko kwa muuza mkaa, yuko kwenye benchi la fundi viatu, sikio limesimama. Kimya. Hakuna aliyetaja kinyozi.

"Unaona sasa," nikamwambia, "bibi wa watu hana neno."

"Hana neno? Mwanamke gani hana hata shoga mmoja wa kumwambia? Huyo amefundishwa kunyamaza. Na nani hufundishwa kunyamaza?"

"Wewe," dada akasema.

Hazikupita siku nyingi, mhadhiri akaja mbio, hodi na kuingia ni kimoja. "Wamekubali, mzee! Wafadhili wamekubali!" Ile habari ya kinyozi alikuwa ameiweka mbele kabisa ya mpango wake, na ndiyo iliyowavutia. Utafiti mzima sasa utaanzia kwa kinyozi. Wiki ijayo anaanza kumtafuta, na kama amefariki atatafuta watoto wake.

"Hongera," Kola akasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na suruali.

Mhadhiri alipotoka tu, dada akamshukia Kola. "Njia ya mwongo ni fupi. Haya, umefika."

"Nilijua atavujisha! Sokoni hakuvujisha, amevujisha ng'ambo."

"Ndiyo kazi yake, wewe bwana! Mtu wa chuo ukimpa neno anaandika. Huyo si mpishi wenu. Umempa mwashi tofali bichi, ameshajengea nyumba, sasa unamlaumu mwashi."

"Na kinyozi mwenyewe yuko hai?" nikauliza.

"Yuko hai," akasema polepole. "Anakaa kwa binti yake."

"Basi ataulizwa uzeeni kwa nini aliwanyima watu uwaziri."

Hapo Kola alikaa. Alikaa kwenye kile kiti kinachoyumba, na hakikuyumba.

Asubuhi alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe, akasema anakwenda chuoni. Dada akanituma niende naye, maana alimjua, angeishia getini. Ofisi ya mhadhiri ilikuwa chumba chembamba, madawati mawili yamesukumwa pamoja, mafaili yamepangwa mpaka kwenye dirisha, feni inazunguka bila upepo. Kola alitazama nyuma ya mlango kabla ya kukaa. Kisha akasema yote: kinyozi ni uongo, alikuwa anampima.

Mhadhiri alimtazama. "Umenipima kama suruali," akasema. "Mimi nilikuamini, mzee. Nimewaambia wafadhili nimekuamini."

"Waache basi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na yule kinyozi atajua. Leo hii nawaandikia kwamba habari ile si kweli. Na nikiwaandikia mikono mitupu, pesa hazipo na utafiti haupo." Akafuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Una deni langu, mzee. Neno moja la kweli. Moja tu."

Kola akanitazama. Akaniambia nichungulie koridoni. Hapakuwa na mtu. Akamwomba mhadhiri atie simu yake ndani ya droo. Akatia. Akamwomba afunge dirisha. Akafunga. Tukakaa mle ndani tunatoka jasho.

"Yule wa tatu," Kola akaanza. "Kila asubuhi nikimpa shati ananiuliza, 'Huko nje wanasemaje?' Hakuna mwingine mle ndani wakati huo. Mimi na yeye. Nami nikajua, huu ni uzi. Ananipima kama nina mdomo. Nikamjibu, 'Wametulia, mzee.'"

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Unga ulipopanda bei nikasema wametulia. Mke wangu alizimia kwenye foleni ya mafuta ya taa, kesho yake nikasema wametulia. Siku watu walipojaa barabarani, moshi tunauona dirishani, mimi na yeye tunauona, akaniuliza tena. Nikasema wametulia." Akashika kola yake mwenyewe, akaiachia. "Akanitazama. Akasema, 'Nilidhani wewe ungeniambia.' Akafunga vifungo mwenyewe. Mpaka leo sijui, mwanangu. Sijui kama alikuwa ananipima, au alikuwa anauliza tu."

Mhadhiri alikuwa ameacha kuandika. Mimi nilimtazama shemeji yangu kama mtu niliyekutanishwa naye siku hiyo.

Barua ilikwenda na yote mawili, uongo wa kinyozi na kweli ya shati. Wafadhili walinung'unika, wakakata sehemu ya pesa, wakaagiza kila neno la shahidi lithibitishwe na mtu mwingine. Lakini utafiti ukasimama. Mhadhiri akaja nyumbani kutuambia, safari hii dada akampa kiti kizima.

Kola alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Na lile deni?" akauliza.

"Ulishalipa, mzee. Siku ile ile."

"Hunidai?"

"Sikudai."

Kola akafikiri, akatazama kola ya blauzi yake, kisha akaita kuelekea jikoni, "Mama, hebu njoo hapa!" Dada akaja, mikono ina unga. Kola akamgeukia mhadhiri.

"Haya, sema tena. Huyu naye asikie."

"Sikudai, mzee," mhadhiri akasema mbele ya shahidi, na Kola akampa mkono.