Gogo la Kitonga

Juzi, katika duka la vitabu hapa Iringa, dereva mstaafu wa malori alikuwa akifunua kitabu kipya cha historia ya barabara zetu. Akafika kwenye picha ya lori likiburuta gogo mlimani Kitonga. Chini yake imeandikwa: "Lori likipeleka gogo kiwandani."

"Kiwanda gani, mama?" akamuuliza muuzaji, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu kwa nguvu. "Hapo tunashuka! Gogo hilo ndiyo breki yenyewe."

Muuzaji akamsogezea kalamu. "Basi sahihisha, mzee."

Akasahihisha, taratibu, ulimi nje. Afadhali historia yetu inaandikwa wakati walioshuka Kitonga bado wapo.

Nilipotaka kununua, muuzaji akanipa nakala safi. Nikamwambia nataka ile yenye breki.