Fimbo Mlangoni mwa Duka

"Ni nani aliyeiondoa fimbo?"

Nilikuwa na miaka minane, nimesimama kwenye baraza la bibi yangu huko Bofu, Likoni, mikono nimeificha nyuma, sukari bado imeninata vidoleni. Mzee wa duka hakuuliza kwa hasira. Aliuliza polepole, kama mtu anayeulizia njia, akitupitia watoto mmoja mmoja kwa macho. Aliponifikia niliitika "Abee" tu. Jibu nilikuwa nalo. Halikutoka.

Swali hilo lilinirudia mwezi uliopita, nilipopita mtaa ule baada ya miaka mingi ya kukaa Nairobi. Njia ya mchanga imetiwa lami. Palipokuwa na kinu cha kusaga mahindi, kile kilichotutia unga hadi kwenye nyusi, pana jumba la ghorofa nne lenye nguo zimeanikwa kila dirisha. Kwa fundi cherehani wanauza vifuniko vya simu. Nilitembea nikiuliza kila ukuta, hivi wewe ulikuwa nani?

Duka la mzee nililijua kwa ngazi zake mbili tu, ya chini pana, ya juu nyembamba, zilizomwangusha kila mgeni.

Kama hukukulia kwetu, nikueleze ile fimbo. Adhana ya alasiri ilipoanza, mzee wa duka hakufunga mlango. Alichukua mpini wa fagio lililokatika, akaulaza juu ya viti viwili, kimoja kila upande wa mlango, akajifuta mikono kwenye kikoi, akaenda msikitini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli. Ndani yalibaki magunia ya mchele, papa mkavu aliyening'inia akinukia hadi barabarani, debe la mafuta ya taa, mitungi ya mabuyu na achari ya maembe. Wateja walifika, wakaiona fimbo, wakakaa kungoja. Hata mwenye chungu motoni alingoja.

Mimi nilitaka kujua fimbo ile inazuia nini. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Mwalimu wa madrasa alishanitoa nje mara mbili kwa maswali. Nilimuuliza bibi akikuna nazi, naye hakuinua hata kichwa.

"Yazuia."

"Yazuia nini, bibi?"

"Yakuzuia wewe. Lete hicho kifuu."

Basi alasiri moja nilienda kuijaribu. Jua lilikuwa kali, mtaa mtupu. Mama wa viazi, aliyekaanga viazi karai ng'ambo ya njia, alikuwa ameingia ndani kuswali na kuliacha karai lake likitulia. Niliinama, nikapita chini ya fimbo. Hakuna kilichotokea. Wallahi nilisikitika kidogo.

Nikakaa kwenye kigoda cha mzee, nikaigonga mizani kwa kidole kama alivyofanya yeye. Mara mlango ukaingia giza. Alikuwa jirani yetu mpya, mtu wa bara aliyepanga chumba cha uani kwetu, ambaye hatukujua lolote juu yake ila kwamba huvuka feri kila siku kwenda kazini Changamwe.

"Niaje," akasema. "Mwenye duka ako wapi?"

"Mimi ndiye mwenye duka."

"Wewe? Mbona hata kaunta hujaifikia?"

"Waja kununua ama waja kunipima nguo?"

Akacheka. "Haya, bosi. Nipatie sukari nusu kilo."

Ningeweza kumwambia angoje. Badala yake niliiondoa fimbo kwa mkono wangu mwenyewe ili apite, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikampimia sukari, nikaifunga kwa gazeti vibaya sana. Aliweka sarafu zake kwenye sahani ya mizani, akasema asante bosi, akatoka. Hapo ndipo niliposikia kandambili za watu wakitoka msikitini. Nikakimbia hadi barazani kwa bibi. Fimbo niliiacha chini.

Mama wa viazi alitoka nyumbani kwake wakati ule ule, akamwona jirani akikata kona na furushi lake la gazeti.

"Nimemuona kwa macho yangu haya mawili!" alilia, mwiko mkononi. "Yule wa bara! Karuka fimbo mchana kweupe, wala hana habari!"

"Huenda hajui desturi," bibi alisema.

"Desturi gani? Kwao hakuna milango?"

Watu wakacheka. Mzee wa duka alikuwa amesimama na ile fimbo, akiigeuza mkononi. Ndipo akatujia sisi watoto, akauliza swali lake. Nilikuwa na nafasi ya kumwokoa mtu kwa maneno mawili, "Ni mimi." Nikaitika abee.

Kesho yake watoto walimpachika jirani jina, Mruka Fimbo. Walimwitia tangu mlangoni hadi njia ya feri, na mimi nilikuwa kati yao, nikipaza sauti kuliko wote, maana niliogopa kunyamaza kwangu kungenitambulisha. Yeye alipunga mkono tu. Baada ya wiki chache alihama. Mwezi haukupita, fimbo nayo ikatoweka, na mlango mzima wa duka ukazibwa kwa grili ya chuma yenye kidirisha cha kupitishia bidhaa. Achari tukawa twaiona kwa mbali, kama ya watu wengine.

Mtoto huunganisha mambo. Mimi niliunganisha hivi: nimemfukuza mtu asiye na kosa, na nimeufundisha mtaa mzima kufunga milango. Niliubeba mzigo huo hadi chuo kikuu, nilikojifunza kutilia shaka kila kitu isipokuwa hilo. Wenzangu waliposifu zamani, kwamba watu waliaminiana, mimi niliuliza: waliaminiana akina nani? Fimbo ile ilimheshimu kila mtu hadi siku ilipoanguka, na ilipoanguka, kila kidole kilijua pa kuelekea. Sikusema vidole hivyo nilivielekeza mimi.

Sasa pale dukani wanauza mitungi ya gesi. Mwuzaji ni binti ya mzee, mama mtu mzima, leso begani. Nilimwamkia shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la bibi yangu. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, bibi pia. Nilinunua soda nisiyoitaka, nikasimama, kisha nikamwambia yote kwa pumzi moja: fimbo, kreti, sukari, Mruka Fimbo.

 Alicheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya leso.

"Kumbe wewe hukuambiwa! Mwanangu, baba alijua magharibi ile ile. Yule kijana aliirudisha sukari. Ulimpimia karibu kilo nzima! Akamwambia baba, mzee, yule bosi wako mdogo atakufilisi."

"Mbona bibi hakunisema?"

"Barazani wote walijua, hata bibi yako, ila yule kijana aliomba usisemwe. Alijua utachapwa. Mama wa viazi alimpelekea sahani ya viazi kumtaka radhi, siku tatu mfululizo."

"Na kuhama je?"

"Alihama kwa sababu ya feri, akapanga huko huko Changamwe. Wewe ungekuwa wafanya kazi Changamwe ungeipanda kila siku, asubuhi na jioni, na joto lile?"

Nilikaa kwenye ngazi ya juu, ile nyembamba. Kuna wepesi ambao mwili huupata kabla ya akili.  Mtaa niliodhani nimeubomoa ulikuwa umenificha. Watu wazima wote wa barazani walijua, wakaninyamazia, na sasa karibu wote hawapo, wala sina wa kumshukuru ila huyu mwenye mitungi. Fimbo imekwenda, kinu kimekwenda, na sidai virudi. Ningependa tu kuziona tena nyuso zao siku ile, nikijua walichokijua.

Nikauliza la mwisho, kuhusu grili. Binti alisema macho ya baba yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, haoni tena ni nani aliyeingia mlangoni, na kwamba yule jirani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliiunda grili mwenyewe huko karakana kwao Changamwe, akaivusha kwa feri juu ya mkokoteni, na mzee wa duka akashuka hadi gatini Likoni kumpokea.