Alikula firigisi ya mume wangu huku ameficha jina letu

Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa Admin,

Naomba ufiche jina langu, maana watu wetu wengi husoma ukurasa huu. Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, naishi Shirere. Mume wangu alifariki mwaka jana. Tulikuwa tukiangua vifaranga vya kienyeji kwa mashine na kuviuza hadi Likuyani, na wateja wengi walitupata kupitia tovuti yetu.

Jina la tovuti tulilichagua jikoni tukichambua mboga. Mimi nilitaka liwe na majina ya watoto wote watatu. Yeye akacheka. "Mama watoto, hilo ni jina au ni safari? Mama wa soko akishindwa kulikumbuka huku anapanga nyanya, halitatusaidia." Akachagua neno moja fupi, akaliandika ukutani kwa makaa, akaliacha siku tatu aone kama litamchosha. Halikumchosha. Ukuta huo sijaufuta mpaka leo.

Binamu yake anayejua kompyuta ndiye aliyetusajilia. Alitumia jina lake na barua pepe yake, akisema ndiyo njia ya haraka. Nilimuuliza mume wangu kama si vizuri liandikwe kwa jina letu. Akaniambia ndugu hawaandikishani kama wageni. Nikakubali. Hapo ndipo tulipokosea.

Siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, ukoo uliketi uani, na kama ilivyo desturi yetu, mzee akaomba kila aliye na kitu cha marehemu akitaje. Jirani akarudisha jembe. Mwingine akaleta bomba la kunyunyizia dawa, akasema hata alikuwa amesahau. Binamu alikuwa ameketi mbele kabisa. Jina la tovuti hakulitaja. Nami nilikuwa nimepika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, na kwa heshima nikamwekea yeye firigisi, ambayo kwetu hupewa mwenye nyumba, na ambayo kwa miaka ishirini na miwili nilimpa mume wangu peke yake. Aliila, akalamba vidole, akaniambia, "Shemeji, usijali, mimi nipo."

Baada ya miezi miwili mteja wa Likuyani alinipigia. Alikuwa amefungua tovuti yetu, akakuta namba ya mwanamume, akaagiza, akaletewa vifaranga vinavyoharisha. Alipouliza habari zangu aliambiwa mama alifunga kazi baada ya msiba. Ndipo akatafuta namba yangu ya zamani.

Nilimwendea binamu. Sikupiga kelele. Nilimwomba tu aturudishie jina. Hakuinua macho kwenye simu yake. "Mashine ni zako, shemeji, jina ni langu. Wewe angua, mimi niuze." Kisha akauliza kwani siku hizi sipikangi ingokho.

Admin, tangu siku hiyo nina kinyaa. Sahani aliyolia firigisi ile nimeisugua kwa majivu, nimeichemsha, na bado siwezi kuwapakulia watoto ndani yake.

Simu ya mume wangu ninayo, huichaji kila Jumamosi. Ndani yake mna ujumbe wa binamu huyo: "Kaka, nimelishika kwa niaba yako." Kampuni iliyosajili jina imesema itanisikiliza nikipeleka ujumbe huo pamoja na barua ya ukoo inayothibitisha kwamba jina ni la marehemu. Lakini barua ya ukoo husomwa mbele ya wote, na mama mkwe wangu ni mgonjwa. Yeye ndiye aliyemlea binamu huyo. Juzi nikimwosha miguu, bila mimi kumwambia lolote, alinishika mkono akasema, "Mmoja nimezika, mwanangu. Huyu usinizikie."

Nikinunua jina jipya, mtu huyu ataendelea kuwauzia watu kuku wagonjwa kwa neno ambalo mume wangu aliliandika kwa mkono wake. Nikilidai letu, nitamvunja mama ambaye hajanikosea hata siku moja.

Nyinyi ambao mmewahi kumpakulia mtu wa namna hii, nielekezeni: niitishe ukoo, au niufute ukuta? Na mkiketi mezani leo na jamaa zenu, mnikumbuke.