Siku Waliyotaka Kuichana Karatasi

Juzi stendi ya Mpwapwa nilimwona msichana mdogo amekaa katikati ya baba na mama wasiotazamana, nikaikumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Ipagala.

Mama, aliyekuwa akiuza mitumba, alikuwa amefungua robota jipya na chumba kizima kilinuka dawa. Baba alifika kutoka Mpwapwa. Waliachana nikiwa bado nanyonya. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, kisha mama akaniambia nitoke nje. Upepo uligonga bati, nami nikatega sikio dirishani.

"Mama Zuhura, karatasi hii tuichane," baba alisema. "Haifai tena."

"Hata mimi nimeichoka," mama akajibu kwa ukali.

Karatasi hiyo ya makubaliano yao niliijua. Ndiyo iliyosema nikae kwa mama, na likizo zote niende kwa baba. Niliamini ikichanwa sitakuwa mtoto wa mtu yeyote. Niliingia mbio, nikaipokonya na kuikumbatia.

"Msinitupe!" nililia.

Mama aliketi ghafla juu ya nguo. Baba akachuchumaa mbele yangu.

"Nani akutupe, mwanangu? Tunataka kuandika nyingine. Umekua, na hatuelewani tuandike nini." Akanitazama. "Wewe unatakaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Nikae na mama," nilisema, "lakini wewe uje hata kama si likizo."

Mama aliyaandika maneno yangu kama yalivyotoka. Baba akatia sahihi, mama naye akatia, kisha wakanipa kalamu na mimi niandike jina langu.