Vakyumu Yenye Skrubu Sita

Daktari alimsikiliza binti yetu mgongoni, akamwambia avute pumzi, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Sebuleni mmeweka kapeti?"

Nikamjibu ndiyo. Binti alikuwa na miaka mitano, na ilikuwa mara ya tatu katika kiangazi kimoja kumleta hospitali kifua kikilia kama filimbi. Daktari akasema pumu yake inachokozwa na vumbi. "Toeni kapeti, ama mtafute vakyumu. Kufagia hakutoshi. Ukifagia kapeti unaamsha vumbi tu, halafu linarudi kulala."

Neno vakyumu nililijua. Mashine yenyewe nilikuwa nimeiona mara moja, mwanamke mmoja akiiburuta sakafuni mwa benki, nami nikasimama kuitazama mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama niko na shida. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Machakos. Mume wangu, mtu wa Kakamega, alifanya kazi kiwanda cha saruji huko Athi River, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya saruji tupu, na baridi ya Machakos mwezi wa saba si ya mchezo. Tena mimi nililelewa Kathiani katika nyumba ya udongo. Siku tulipoliingiza lile kapeti jekundu nilivua viatu nikalikanyaga kwa nyayo, nikatembea kutoka ukuta hadi ukuta bila sababu yoyote. Kulitoa sikutaka.

Ofisini nikaanza kuuliza nani anajua habari za vakyumu. Mwenzangu mmoja wa meza ya pili akasema yeye anayo.

"Inafanyaje kazi?" nikamuuliza.

"Haifanyi," akasema. "Ilifanya miezi minane. Sasa iko chini ya kitanda."

Aliniletea kesho yake ndani ya gunia. Ilikuwa ya plastiki, nyekundu na nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya. Mafundi wawili walikuwa wamemrudishia wakisema haifunguki. Hilo ndilo lililonikamata. Jiko letu la mafuta lilifunguka, redio ilifunguka, hata saa ya ukutani. Nilitaka kuona kitu kisichofunguka kinafanana vipi ndani. Nikamwomba ruhusa niipeleke kwa fundi mwingine, hata kama itavunjwa. Akasema nisimrudishie.

Nyuma ya soko kulikuwa na mama mmoja aliyetengeneza mota za pampu na za mashine za kusaga. Alikuwa amevuka miaka hamsini, mnene, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na kazi hiyo aliisomea katika karakana ya shamba la mkonge alikoajiriwa kwanza kama mfagiaji. Nilipofika aliipindua ile vakyumu mara tatu, akapitisha kidole pembeni pote kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akaiweka chini.

"Wameigandisha kwa gundi," akasema. "Hii ilitengenezwa ili itupwe. Nikate?"

"Kata."

Akakata kwa msumeno wa chuma. Ndani mlikuwa na mota ndogo kuliko nilivyowazia, na feni, na vumbi la mwenzangu limeshikana kama pamba. Fundi akachomoa kitu kidogo cheusi kwa koleo, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa sawa na punje ya ndengu.

"Hii ni kaboni. Zinakuwa mbili. Zinagusa mota ikizunguka, kwa hivyo zinaisha, kama penseli. Zikiisha unaweka zingine. Ni kazi ya kumaliza kikombe cha chai."

"Kwa hivyo mashine yote ilikufa kwa sababu ya hii?"

"Haikufa. Walikosa mlango wa kuingilia."

Nilikaa kwenye kibanda chake mpaka mchana ule ukaisha, nikiuliza. Mbona feni inavuta badala ya kupuliza? Hewa inatokea wapi? Kwa nini vumbi haliingii kwenye mota? Hakuna swali alilolidharau. Aliniita mwiitu wa mwaitu, yaani binti ya mama yangu, kama tunavyowaita dada zetu kwa Kikamba, na akanichorea kwa chaki juu ya meza njia ya hewa kutoka kwenye paipu hadi mfukoni hadi nje. Nilipoinuka akaniambia mambo ya kutazama nikienda kununua. Skrubu zionekane kwa macho. Waya wa stima uwe unachomoka ubadilishwe, kwa sababu waya ndio hukatika kwanza. Mfuko uwe wa kitambaa cha kufua, usiwe wa karatasi, maana wa karatasi Machakos hutaupata. "Na ukifika dukani usiulize inavuta namna gani. Zote zinavuta zikiwa mpya. Uliza inafungukia wapi."

Jumamosi iliyofuata tukaenda Nairobi, mimi na mume wangu, yeye akiwa na bisibisi mfukoni. Katika duka la kwanza kijana wa mauzo alitumwagia mchanga kwenye kapeti dogo, akaufyonza wote, akatabasamu.

"Inafungukia wapi?" mume wangu akauliza.

"Hapa." Akafungua mahali pa mfuko.

"Hapo ni pa mfuko. Pa mota?"

"Mzee, hii haiharibiki."

"Sawa. Haiharibiki. Lakini inafungukia wapi?"

Kijana akamwita mkubwa wake, naye akatueleza kuwa kuna dhamana ya mwaka mmoja. Mume wangu akauliza mwaka wa pili je. Katika duka la tatu alipotoa bisibisi tuliombwa kwa heshima tuondoke. Tulirudi Machakos mikono mitupu, lakini njiani tulicheka sana, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mimi naye kushughulika na jambo moja kwa siku nzima tangu mtoto azaliwe.

Tuliyoipata hatimaye ilikuwa hapa hapa mjini. Nyumba moja ya wageni ya kanisa ilikuwa inafungwa na vitu vyake vinauzwa, na mwenzangu wa ofisini aliona vakyumu kati ya vitanda na makabati. Nikampitia fundi, akafunga kibanda chake tukaenda pamoja. Ilikuwa ya chuma, ya kijivu, ndefu na mviringo kama mtungi uliolazwa, imesimama juu ya miguu miwili kama ya sleji, lile gari la miti lisilo na magurudumu la kukokotea maji. Rangi ilikuwa imechubuka. Ilinikatisha tamaa, nakiri. Fundi akapiga magoti kwenye nyasi, akahesabu kwa sauti: skrubu sita. Akazitoa zote kwa sarafu, bila hata bisibisi, akafunua kifuniko, akanusa.

"Hii haijawahi kuungua," akasema.

Mtawa mzee aliyesimamia mauzo alikuwa anatuangalia. Akatuambia ameitumia yeye mwenyewe miaka mingi kuliko anavyokumbuka, paipu amebadilisha mara mbili, waya mara moja, na mfuko wa sasa ameushona kwa shuka. Kisha akaingia ndani akarudi na kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na kaboni za akiba zilizofungwa katika gazeti. "Msipozichukua hizi," akasema, "mtakuwa mmenunua nusu."

Siku ya kuiwasha majirani watatu walikuja kuona. Ilinguruma kama mashine ya kusaga unga iliyo mbali. Binti tulimpeleka kwa jirani ili asivute vumbi, lakini alikataa kukosa, akasimama dirishani kwa nje na kunitazama nikipita huku na huku. Kapeti nililolidhani jekundu lilikuwa jekundu la namna nyingine kabisa. Kila nilipopita ilibaki njia, mpaka mume wangu akaninyang'anya paipu apitishe yeye.

Tulipomaliza tulitoka nje kumwaga mfuko. Mimi nilitaka kulitupa lile vumbi kwenye shimo, yeye akasema ngoja. Alitandaza gazeti, akalimwaga juu yake, akachuchumaa. Nilidhani litakuwa jekundu kama udongo wa barabarani. Lilikuwa la kijivu, laini, zito. Akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Halafu akaenda jikoni, akachukua kichungi cha chai, akachunga nywele na nyuzi zikabaki juu, unga ukashuka. Akaujaza kwenye kifuniko cha chupa, akatia matone ya maji, akaukoroga kwa kijiti na kuuweka dirishani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nataka kujua kitu."

Asubuhi alinionyesha kile kifuniko kabla ya kutoka kwenda kazini. Alikipindua, akakigonga kwa kucha. Hakuna kilichomwagika. Ule unga ulikuwa umeshikana.

"Ni saruji," akasema. "Si vumbi la Machakos. Ni langu. Nimekuwa nikimletea mtoto kwenye suruali."

Nilijaribu kumwambia kuwa hakujua, na kuwa hata daktari hakuuliza mtu huyu anafanya kazi wapi. Kila jioni tangu mtoto aanze kutembea alikuwa akiingia mlangoni na binti anamrukia, anamkumbatia miguu, na uso wake unafika hapo hapo kwenye magoti ya suruali. Sote wawili tulikuwa tukiliona hilo na kulifurahia. Alikiweka kile kifuniko mfukoni, akaondoka nacho.

Kuanzia siku hiyo alioga na kubadilisha nguo huko huko kiwandani, na za kazi akazifua kwenye bomba la huko. Wenzake walimwuliza kama ameokoka. Yeye aliwaonyesha kile kifuniko, na wengine wawili waliokuwa na watoto wadogo wakaanza kufanya vile vile. Nyumbani tulifyonza kapeti kila Jumamosi na kutandaza vumbi kwenye gazeti, na kila Jumamosi lilizidi kuwa jekundu. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile. Pumu haikuisha, nisidanganye. Ilimrudia kila mvua zilipoanza, na siku nyingine alikosa shule. Lakini mwaka mzima uliofuata tulikwenda hospitali mara moja tu, na yule daktari aliandika neno saruji kwenye kadi yake na kupiga mstari chini.

Mama yangu alikuja kutoka Kathiani mwezi wa nane, baada ya mavuno ya mbaazi, na debe zima la mbaazi kichwani, ambazo hakuwa amezipepeta. Alikuwa amesikia habari za mashine. Sasa, sisi Wakamba tuna heshima kati ya mama mkwe na mkwe wake tunayoiita nthoni. Hawakai karibu, hawazungumzi ovyo. Kwa hivyo mama alikaa jikoni, mume wangu sebuleni, nami mlangoni katikati.

"Muulize mumeo, hilo vumbi linaenda wapi?"

"Mwambie mama linaenda kwenye mfuko."

"Na hewa?"

"Mwambie hewa inatoka nyuma."

"Muulize, inatoka kwa nguvu?"

Mume wangu alicheka, nami nikajua kuna jambo linapikwa. Mtengenezaji wa ile mashine aliacha kitundu nyuma ambacho paipu iliweza kuchomekwa pia, na ukiichomeka hapo inapuliza; hilo nalo nikampelekea mama jikoni. Jumatatu tulipokwenda kazini, mama aliiburuta hadi uani, akachomeka paipu nyuma, akamwambia binti amwage mbaazi kidogo kidogo juu ya ungo, yeye akielekeza upepo. Baadaye jirani alinieleza kuwa makapi yaliruka hadi juu ya paa. Debe lilimalizika upesi. Ila tundu la mbele liliachwa wazi, nalo likawa linavuta yale makapi yaliyokuwa yakielea, mpaka mfuko ukafura, mashine ikakosa pumzi, ikatoa moshi na kunyamaza.

Niliporudi jioni niliwakuta mama na binti wameketi kila upande wa mashine. Mama hakujitetea. "Nimeiharibu," akasema. "Lakini angalia mbaazi."

Mbaazi zilikuwa safi kweli. Hapakuwa na hata ganda moja.

Kesho yake nilimpeleka yeye mwenyewe kwa fundi, vakyumu ikiwa kwenye mkokoteni. Fundi aliisikiliza hadithi yote, akamuuliza mama alishika paipu kwa pembe gani. Wakabishana kwa Kikamba kuhusu pembe. Kisha akatoa skrubu sita, akamwaga makapi, akakagua mota kwa kuinusa tena, akasema nyaya zimeponea chupuchupu, kaboni moja ndiyo imepasuka. Nikatoa kopo la kahawa kwenye kikapu. Akanisukumia bisibisi.

"Weka wewe. Mimi nakunywa chai."

Niliikwaruza kaboni kwa msasa mpaka ikaingia bila kubanwa, nikairudishia springi yake, mama akinishikia kifuniko. Tulipowasha ikanguruma, mama akaweka kiganja chake nyuma, kwenye upepo, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Alirudi Kathiani siku ya Ijumaa. Jumamosi ya wiki iliyofuata, kabla sijamaliza kuosha vyombo, wanawake watatu wa kanisa la mama walibisha mlangoni, kila mmoja na debe la mbaazi zenye makapi.